Kimoja, Mara Moja kwa Siku

Aliyebuni dawa za sonona alikuwa mtu anayepiga pasi soksi. Ushahidi sina, lakini soma masharti yake: kidonge kimoja, kila siku, saa ile ile, usiruke, kisha usubiri wiki nne mpaka sita ndipo uone mabadiliko. Haya anaambiwa mtu mwenye ADHD, ambaye akibandika maji ya chai hukumbushwa na harufu ya sufuria.

Mimi ninazo zote mbili. ADHD nimezaliwa nayo, sonona ikanikuta ukubwani, na daktari wangu haoni ajabu yoyote zilivyofuatana: mtu akiambiwa miaka nenda rudi kwamba ni mvivu, mzembe, ana akili ila hazitumii, mwisho moyo unaamini. Shangazi yangu wa Tanga hakubali hata moja. ADHD ni ya watoto, anasema, na sonona ni ya wazungu. "Wewe mwanangu huna maradhi. Una simu."

Nilianzishiwa amitriptilini, dawa kongwe, imo madukani tangu 1961. Mate yakanikauka, usingizi ukanivamia mchana kweupe. Naishi Ukonga, lakini konda akawa ananiamshia Gongo la Mboto, tena kwa heshima, maana tulishazoeana.

Daktari akanihamishia fluoksetini, na hakuichagua hivi hivi. Alinitazama mimi, akatazama faili, akatazama kofia yangu niliyoisahau ofisini kwake mara iliyopita. Akasema hii hukaa mwilini muda mrefu, ukiruka siku moja haikukomoi sana. Zipo nyingine, kama paroksetini, ukizisahau kidogo tu kichwa kinazunguka na unahisi shoti za umeme ndani ya ubongo. Akanionya pia nisije nikaiacha ghafla eti kwa sababu nimepata nafuu. Nikashukuru, nikaaga. Kofia bado iko kwake.

Sasa njoo kwenye bahasha. Famasi wananipa dawa kwenye kabahasha ka karatasi, wameandika 1×1 kwa kalamu ya bluu, basi. Ndani kuna pakti isiyo na Jumatatu wala Jumanne. Kila asubuhi nasimama mbele ya kabati, glasi ya maji mkononi, najiuliza: nimeshameza, au ninayoikumbuka ni ya jana? Kumeza tena siwezi, dozi hairudiwi kwa kubahatisha. Kuhesabu vilivyobaki hakusaidii, kwa kuwa lazima ujue ulianza lini. Glasi ikiwa tupu nayo si ushahidi. Huenda nilikuwa na kiu tu.

Washauri hawakosekani. Weka alamu! Nimeweka. Inalia saa moja kamili, nashika simu niizime, nakuta kundi la ukoo limeamka na mchango wa harusi. Kutoka kwenye mchango naingia kwenye kumbi, kutoka kwenye kumbi naingia kwenye bei za vigae, na nikija kushtuka ninaweza kukuelezea tofauti ya kigae cha China na cha Hispania, kazini nimechelewa, na kidonge kiko palepale. Nunua kiboksi chenye vyumba saba! Nimenunua. Kinatakiwa kijazwe kila Jumapili, na mtu anayeweza kukaa chini kila Jumapili kupanga vidonge saba kwenye vyumba saba hana ADHD. Arudi akapimwe upya.

Kinachoniuma zaidi ni historia. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, katika hospitali ya Sea View huko New York, madaktari walikuwa wanajaribu iproniazidi kwa wagonjwa wa kifua kikuu. Wagonjwa wakachangamka kuliko ilivyotarajiwa, na baadaye dawa hiyo ikaja kutumika kutibu sonona. Mtu anatafuta mapafu, anakuta furaha! Huo ni mwendo wetu kabisa, sisi tunaotumwa chumvi tukarudi na kuku wa kienyeji. Kama dawa ilipatikana kwa mtindo wetu, nani aliwapa wapiga pasi soksi kazi ya kuandika masharti?

Nisiwe mnafiki, imenisaidia. Asubuhi hazina uzito ule, nakula, nacheka na watu. Ila fluoksetini inashughulika na serotonini, umakini wangu hauihusu. Dawa za ADHD yenyewe, kama methilfenidati, hutolewa kwa udhibiti mkali, na kuzifuatilia kunataka mtu mwenye utulivu, ambao ndio ninaoufuata huko.

Kwa hiyo mambo yangu yamebaki nusunusu vilevile: rafu ya vitabu yenye ubao mmoja, fomu ya bima iliyojazwa jina tu, bomba la jikoni linalovuja tangu masika. Tofauti ni kwamba sasa hayaninyimi usingizi, na hilo mke wangu limemshinda.

"Baba Neema, zamani bomba lilikuwa halitengenezwi lakini angalau ulikuwa unasikitika," aliniambia juzi, anakinga ndoo. "Sasa halitengenezwi na unapiga mluzi."

Anataka tuongozane kliniki ijayo, amuulize daktari kama dozi inaweza kupunguzwa kidogo tu, isinirudishe kwenye sonona, ila iniachie uchungu wa kutosha kumpigia fundi.