Sifa Zimwendee Mkorofi

Mfanyakazi mzuri hana habari. Anafika saa moja na nusu, anafungua, anapanga majora, anauza, anakabidhi hesabu, anaaga. Kesho hivyo hivyo. Muulize tajiri yeyote wa Mtaa wa Kongo, Kariakoo, jina la baba wa kijana huyo, atababaika. Sasa mtajie yule jeuri. Atakusimulia mpaka kahawa ipoe: ukoo wake, chumba alichopanga, deni lake kwa mama ntilie, na ile siku alipomwambia mteja, "Kama huna hela, pita, dada yangu." Kati ya hao wawili, nani anakaa moyoni mwa mwajiri wake?

Huyo jeuri ndiye ninayemsifu leo, na anastahili.

Kwanza, ana elimu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa siku 4 zenye malipo akifiwa na mzazi, ndugu, babu au bibi. Yule mzuri hajawahi kuisikia. Anazika asubuhi, mchana yuko kaunta. Mkorofi anaijua vilivyo. Ni kweli kwamba bibi zake ni wengi kuliko wanavyojaliwa binadamu wa kawaida, na kila mmoja amezikwa mkoa wake, lakini sheria haijaweka idadi ya mikoa.

Elimu hiyo humwambukiza bosi. Tajiri akichoka hupaza sauti mbele ya wateja: "Toka, usirudi!" Raha ya maneno hayo hudumu robo saa. Baadaye mtu humnong'oneza kwamba kumwachisha mtu kazi kunahitaji sababu halali na utaratibu wa haki. Kwamba kanuni za 2007 zinataka mtuhumiwa aelezwe makosa yake, apewe muda usiopungua saa 48 wa kujiandaa, kisha aje kwenye kikao na mwenzake wa kumsaidia kujitetea. Kikao! Katika fremu ambayo nusu yake ni mabegi ya shule na nusu nyingine ni winga aliyeleta mteja na anasubiri cha juu chake.

Mkorofi naye ana siku 30 za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA, na kwa mara ya kwanza maishani mwake anawahi. Huko tajiri anaulizwa mkataba. Mkataba haupo. Kilichokuwepo ni "njoo kesho, tutaelewana." Hapo ndipo sheria inapokuwa tamu: mwajiri asipoonyesha masharti ya kazi kwa maandishi, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa ni wake. Kijana akisema mshahara ulikuwa laki nne, ni juu ya tajiri kuonyesha kwamba ulikuwa laki moja na nusu na chai. Tajiri akitoka hapo anapitia stesheneri. Mwezi unaofuata duka lina mikataba na daftari la mahudhurio, na wale watiifu wanapata karatasi yenye majina yao ambayo wasingethubutu kuiomba. Shukrani yao? Wanamsengenya aliyeondoka.

Wakorofi wa zamani walikuwa na adabu kubwa zaidi ya kusoma. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulipokemea ubabe na majivuno ya viongozi, mameneja wengi waliupigia makofi wakauweka kabatini. Wafanyakazi wa viwandani waliuchukua kama ulivyoandikwa, na kuna mameneja waliofika kazini wakakuta wamefungiwa nje.

Msinijibu kwamba ukorofi ni tabia ya vijana wasio na mtaji. Mei 2023 matajiri wenyewe wa Kariakoo walifunga maduka kulalamikia kodi na kamatakamata, wakagoma kuyafungua, mpaka Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akakutana nao Mnazi Mmoja na kuwasikiliza. Kazi safi kabisa. Wiki ile hakuna bosi niliyemsikia akilalamika kwamba mtu akinuna haambiliki. Walijifunza wapi kugoma kwa ustadi ule, kama si kwa walimu waliowalipa kila mwisho wa mwezi?

Hofu yangu ni moja tu, nayo ni daraja. Mvua kubwa zikinyesha, Mto Msimbazi hufurika, na Barabara ya Morogoro hufungwa pale bondeni Jangwani, kati ya Magomeni na Faya. Hata mabasi ya mwendokasi, ambayo karakana yake iliwekwa humo humo bondeni, yamewahi kuogelea. Asubuhi ya namna hiyo ujumbe mmoja unatosha: "Bosi, Jangwani pamejaa." Hakuna wa kubisha, redio yenyewe inatangaza. Mkorofi mmoja aliutuma akiwa Ilala, mahali ambapo kuja Kariakoo hakuhitaji kuvuka Jangwani hata kwa bahati mbaya, na bosi wake akamjibu, "Pole."

Sasa Serikali inajenga daraja refu juu ya bonde, na maji yatapita chini bila kumsumbua mtu. Nilimuuliza kijana mmoja wa duka la vyombo atafanyaje. Aliniangalia kwa huruma, akanikumbusha kwamba makao makuu ya Yanga yako hapo hapo Jangwani, kona ya Mtaa wa Twiga, na kwamba siku ya kupokea kombe barabara hufungwa bila tone la mvua.