Itifaki Imezingatiwa: Mhadhara Mkuu wa Kupamba Nyumba ya Kuchangia Hapa Shelui

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kitongoji, Mheshimiwa Balozi wa Nyumba Kumi, Mama Mwenye Nyumba ambaye kwa bahati njema leo hayupo, ndugu wapangaji wa chumba cha kwanza hadi cha nne, watoto mnaochungulia dirishani, na wewe kaka wa bodaboda unayemsubiri abiria wako: itifaki imezingatiwa.

Kwanza nijitambulishe, ingawa kwa mtu wa hadhi yangu huo ni unyenyekevu wa ziada. Mimi ni Mtaalamu Mbobezi wa Samani, Mapambo ya Ndani na Diplomasia ya Sebule. Cheti sina, kwa sababu hajapatikana wa kunitahini. Kwa sasa naishi kwa shemeji, kwenye kochi lake, kwa sababu za kiutafiti. (Makofi.) Najua hamjapiga, lakini kwenye karatasi yangu yameandikwa, na mimi si mtu wa kuruka mistari.

Nimearifiwa kwamba ninyi wanne, yaani mwalimu, nesi, kijana wa machimboni na dada wa mgahawa, mmechangishana kodi ya miezi sita mkachukua nyumba nzima: vyumba vinne, sebule moja, jiko uani, choo nje, mita moja ya LUKU. Kodi ikamaliza pesa. Sebuleni zimebaki ndoo mbili, jiko la mkaa na mwangwi. Ndiyo maana mmenileta. Kama hamkunileta, nimekuja.

Tuanze na historia, maana mtaalamu asiyeanza na historia ni fundi tu.

Mwaka 1909 Mjerumani alikuwa tayari anachimba dhahabu Sekenke, jina lile lile la mlima ambao malori yanayotoka Mwanza huupanda yakikohoa. Vita Kuu vilipombana, mwaka 1916, dhahabu ya Sekenke ilipelekwa Tabora, kwenye karakana ya reli, ikapigwa sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Leo wenye kukusanya sarafu wanazigombea kwenye minada ya Ulaya. Tafakarini: ardhi iliyotoa sarafu ya dhahabu, sebule yake haina stuli!

Lakini wazee wetu Wanyiramba hawakuwahi kukosa usingizi kwa ajili ya stuli. Walikaa kwenye tembe: kuta za miti na udongo, paa bapa la udongo, ndani vyombo vya kuhifadhia nafaka, na ngozi ya ng'ombe ya kulalia. Kila kilichoingia kwenye tembe kilikuwa na kazi. Kule Lamu, matajiri wa mawe na chokaa walijenga zidaka ukutani, safu kwa safu, wakapanga humo sahani na bakuli za Kichina, mgeni aingie, atazame, anyamaze. Mimi, kwa mamlaka niliyojipa, nazigawa nyumba zote duniani katika madhehebu mawili: dhehebu la tembe, ambamo kitu kinawekwa kwa sababu kinatumika, na dhehebu la zidaka, ambamo kitu kinawekwa kwa sababu kinaonekana. Ugonjwa wa vijana wa leo ni huu: mfuko wa tembe, tamaa ya zidaka.

Andikeni hilo. Halitarudiwa bure.

Kanuni ya kwanza: godoro

Nimekagua mageto mengi katika ukanda huu, mengine bila kualikwa. Nimekuta sabufa inayotikisa bati, taa za utepe zinazotoka bluu kwenda zambarau, televisheni ya inchi 32 imetundikwa ukutani, na mwenye mali yote hiyo analala juu ya salfeti mbili na koti. Kijana, umeshinda mwambani unapiga nyundo tangu alfajiri, halafu usiku mgongo wako unaukabidhi kwa sakafu ya saruji ili macho yako yafurahie rangi ya zambarau? Huo mgongo umekukosea nini?

Godoro ndilo la kwanza. Chukua la futi nne kwa sita, unene usipungue inchi sita. Muuzaji atakusifia kitambaa. Mwache asifu, wewe linyanyue. Ukilinganisha magodoro mawili ya kipimo kimoja, lililo zito ndilo lililoshiba. Jepesi litabonyea kabla hujamaliza kodi ya miezi sita. Kisha lipige ngumi katikati na utazame shimo linavyorudi. Likirudi kwa kusitasita, achana nalo. Kitanda kitasubiri. Godoro chini juu ya mkeka, ukiulizwa, jibu kwamba ni mtindo wa Kijapani, na huo si uongo. Ila asubuhi lisimamishe ukutani lipate hewa, maana unyevu wa sakafu hupenya chini kimyakimya, na ukungu haujui mitindo.

Kanuni ya pili: mnada

Kitanda chenyewe msikinunue dukani. Nendeni mnadani, na mkifika msishangae vitanda vipya vya mbao laini vilivyopakwa vanishi mpaka vinang'aa. Tafuteni cha zamani cha mninga, chenye mikwaruzo, ambacho mwenyewe anahama na hana gari. Tabora iko jirani na mninga wake umetuzunguka. Ni aibu kulalia paini.

Lakini kabla ya bei, pigeni magoti. Angalieni maungio, pale chaga zinapoingia, na matundu ya misumari. Mkiona vidoa vyeusi vidogo vidogo, hicho kitanda kina wenyewe. Kunguni hajali mninga wala paini, anataka ufa. Akishaingia chumba kimoja, koridoo kwake ni barabara ya lami, na ndani ya wiki chache nyumba nzima inajikuna kwa awamu. Kitanda chochote cha mtumba kilale kwanza uani, kifunguliwe vipande, kimwagiwe maji yanayochemka kwenye kila ungio, kikae juani, na kazi hiyo irudiwe baada ya siku kadhaa kwa ajili ya waliokuwa mayai. Asiyetaka kuchemsha maji asipewe ufunguo.

Kanuni ya tatu: chokaa

Dada wa mgahawa ameniuliza kuhusu rangi ya hariri. Dada yangu, hariri hapa? Malori yanapita mchana na usiku, kiangazi vumbi linaingia hata kwenye sukari. Nyumba ya kupanga ni ya chokaa, na chokaa ina elimu yake.

Ilowekeni kwenye ndoo usiku kucha. Asubuhi ichujeni kwa kipande cha chandarua kilichochanika, mtie konzi mbili za chumvi ili ukuta usiwaachie unga migongoni, mkoroge mpaka iwe nyepesi kama maziwa. Sasa sikilizeni vizuri: ukuta uloweshwe kwanza kwa maji. Ukuta mkavu unainywa chokaa kwa pupa, haipati muda wa kushika, na wiki ijayo inamenyeka. Pakeni mkono mwembamba. Utaonekana kama hamjapaka kitu, udongo wote unaonekana, na hapo ndipo wapangaji wengi hukasirika, wakamimina ndoo nzima ukutani, wakaharibu kazi. Tulieni. Chokaa huwa nyeupe ikikauka. Kesho yake pakeni mkono wa pili. Na mjikinge macho, inaunguza.

Sehemu ya chini, kama futi tatu kutoka sakafuni, tieni udongo mwekundu uliochujwa, au rangi yoyote nzito. Weupe wa juu ni wa wageni. Wekundu wa chini ni wa migongo, nyayo za watoto na tairi la bodaboda inayolala sebuleni mvua ikinyesha. Kaka, usitazame pembeni, nakuzungumzia wewe.

Kanuni ya nne: pa kukalia

Yupo mkazi mmoja, jina namhifadhia, aliyepanga kreti za soda sebuleni, akaweka juu vipande vya sponji, akafunika kwa kitenge, akaita watu waje waone sofa. Kwa kweli lilipendeza. Tatizo la kreti ni kwamba zina mwenyewe. Siku duka lilipopungukiwa, mwenye duka alikuja na mkokoteni, akawasalimia wageni kwa heshima, akawaomba wasimame, akapakia sofa, akaondoka. Wageni walimalizia chai yao wima.

Mwaka 1925, kule Ujerumani, kwenye chuo cha Bauhaus, Marcel Breuer alitazama usukani wa baiskeli yake, akaona kwamba bomba likiweza kupindwa kuwa usukani litaweza kupindwa kuwa kiti. Akatengeneza, kikawa maarufu duniani. Sisi tuna baiskeli tangu enzi, zinabeba mkaa, maji, mbuzi na bibi harusi, na hatukupata wazo hilo kwa sababu hazijawahi kusimama tukazitazama. Lakini hatujachelewa. Fundi wa kuchomelea pale barabarani anatengeneza kiti cha nondo, kinasukwa kwa kamba za mpira. Ukikiangusha hakivunjiki, ukikiacha uani hakioti ukungu, na mgonjwa akizidiwa usiku anabebwa nacho mpaka kituo cha afya. Sofa la manyoya linaweza hilo? Na vitambaa vyeupe vya kufumwa vya kutandika kwenye viti, kwa vumbi hili, navipiga marufuku mpaka masika.

Kanuni ya tano: pazia

Doti moja ya kanga ni pazia la dirisha zima, na huo ndio mwisho wa hesabu. Tahadhari ni moja. Kanga inasema. Binti mmoja alitundika mlangoni kwake, upande wa koridoo, kanga yenye maneno "Mdhaniaye ndiye kumbe siye". Aliinunua kwa sababu ya rangi. Mwenzake wa chumba cha pili aliisoma kila alipokwenda kuoga, asubuhi na jioni, na mwisho wa mwezi alihama na sufuria zote. Kwenye nyumba ya kuchangia, upande wa maandishi utazame ukutani, au nunueni kitenge, ambacho hakina maoni.

Kanuni ya sita: mali ya nani?

Hapa ndipo nawaomba mwache kucheka, kwa sababu samani hazivunji nyumba. Umiliki ndio unaovunja. Wapangaji watatu walichangia kabati la vyombo, sawa kwa sawa, kwa mapenzi makubwa, wakapiga na picha. Mmoja akapata mchumba. Akataka theluthi yake. Wawili hawana pesa ya kumrudishia. Akaletwa seremala na msumeno, kweli kabisa, akasimama mbele ya kabati akiuliza akate wapi. Shauri likapelekwa kwa kiongozi wa mtaa, naye kwa busara kubwa akaamua kabati lihifadhiwe kwake kwa usalama mpaka wapatane. Vyombo vya mke wake vimepangwa vizuri sana.

Kwa hiyo, msichangie kitu kimoja watu wanne. Mwalimu anunue meza, iwe meza ya mwalimu. Nesi anunue viti. Kijana wa machimboni anunue jiko la gesi la mtungi mdogo, dada wa mgahawa alete sufuria na jaba la maji. Bei zikaribiane, kila kitu kiwe na mwenyewe mmoja, na siku ya kuhama kila mtu abebe chake bila msumeno. Mnachochangia wote ni kile kisichohamishika: chokaa, kitasa, balbu. Na kabla ya kununua hivyo, zungumzeni na Mama Mwenye Nyumba mjue kama atavikata kwenye kodi, maana mkishapigilia bila maelewano, yeye atahesabu kwamba mmempa zawadi.

Na umeme? Nimesikia mnagombana kuhusu balbu ya koridoo inayowaka usiku kucha. Mtaalamu wenu amepiga hesabu. Pasi ya wati 1,000 ikivuta umeme saa moja mfululizo inakula uniti moja nzima. Uniti hiyo hiyo ingewasha balbu ya wati 9 kwa zaidi ya saa 100. Mwalimu, shati lako lililonyooka linawaka kuliko koridoo. Pigeni pasi siku moja kwa wiki, nguo za wote kwa pamoja, na balbu iacheni imulike njia ya chooni.

Ndugu wapangaji, natamka rasmi. Godoro kila mtu na lake, kabla ya kitu chochote chenye waya. Chokaa wote. Kunguni hapana. Na nunueni daftari moja la shule, mlitundike msumarini sebuleni, muandike humo kila kitu kinachoingia: jina la kitu, bei, mwenyewe, tarehe, sahihi. Duka la daftari bado halijafungwa. Maswali sipokei, anayekwenda dukani aondoke sasa, na wengine mtoe mchango wa daftari hapa hapa, mbele ya Mheshimiwa Mwenyekiti.