Ngeli za Chaneli: Sarufi ya Jina Lililobadilishwa Mara Tatu

Wanasarufi wa Kiswahili hawajakubaliana ngeli ni ngapi. Wapo wanaozipanga kwa kutazama viambishi vya nomino, wapo wanaozipanga kwa upatanisho wa sentensi, na wapo walimu waliozipanga kwa kiboko, ambao ndio tunaowakumbuka zaidi. Lakini pande zote tatu zimenyamaza kuhusu nomino moja tata: chaneli ya televisheni ya kebo ya Marekani, ambayo hulala katika ngeli moja ikaamka katika nyingine. Makala haya yanakusudia kuziba pengo hilo, ingawa hakuna aliyelilalamikia.

Sampuli yetu ni chaneli moja. Atakayesema moja ni chache akumbuke kwamba yenyewe imeshakuwa nne. Nadharia tete ni hii: kiambishi hubadilika, shina hudumu. Chukua -tu: mtu, kitu, jitu, utu. Vazi ni jipya kila mara, aliyelivaa ni yuleyule. Tutathibitisha kwamba chaneli hii nayo ina shina, na kwamba shina hilo ni kofia.

Kwanza usuli. Kampuni ya kebo huilipa chaneli kiasi kidogo kila mwezi kwa kila nyumba iliyounganishwa, na nafasi ya chaneli kwenye orodha hupatikana kwa mkataba. Anayetaka kuanzisha chaneli mpya hubisha hodi kwa kampuni moja baada ya nyingine akiomba nafasi. Aliyekwisha kuipata haiachii hata kama biashara imedorora: hubaki na kibanda, akabadilisha kibao. Ndiyo maana chaneli za kebo hufa mara chache na kubatizwa mara nyingi.

1. Ngeli ya PA-KU-MU (1983–2000)

Tarehe 7 Machi 1983, katika jiji la Nashville, jimbo la Tennessee, ilianza kuruka The Nashville Network, kwa kifupi TNN. Jina ni la mahali, na upatanisho wake ulikuwa kamili: Nashville pana studio, kusini kuna watazamaji, na ndani ya kila kofia mna mwimbaji. Waanzilishi walitoka katika ukoo wa redio WSM, iliyokuwa ikirusha onyesho la Grand Ole Opry tangu miaka ya 1920. Herufi WSM zenyewe zilitokana na kaulimbiu ya kampuni ya bima iliyojinadi kuwakinga mamilioni, kwa hiyo tangu siku ya kwanza muziki na mauzo vilikula sahani moja.

Kila jioni Ralph Emery aliwakaribisha waimbaji katika kipindi cha Nashville Now. Kulikuwa pia na uvuvi wa samaki na mbio za magari, na juu ya vyote, kofia pana za kauboi. Msomaji wa Kenya, ambako Kenny Rogers na Dolly Parton wana mashabiki wanaowajua kwa majina ya kwanza, hahitaji maelezo zaidi.

2. Ngeli ya LI-YA (2000–2003)

Mwaka 1997 Westinghouse, wenye CBS, waliinunua TNN. Mwaka 2000 CBS ikaungana na Viacom, wenye MTV, na wakubwa wapya wakaikagua chaneli kama mposaji anavyokagua meno. Wakaona watazamaji wenye umri mkubwa, wengi wao wa mashambani, ilhali watangazaji wa biashara wanawatafuta vijana. Nyimbo wakaziachia CMT, chaneli dada. TNN ikaletewa mieleka ya WWF na jina jipya: The National Network.

Mwanasarufi makini ataona ustadi wa jambo hili. Herufi tatu hazikuguswa. Neno moja tu la katikati lilitanuliwa, Nashville ikawa taifa zima. Huu ni ukuzaji, kama mji unapogeuka jiji na nyumba inapogeuka jumba. Lakini kila mzungumzaji wa Kiswahili anajua hatari ya ukubwa: ukizidisha, sifa hugeuka dharau. Mtu akiwa jitu hapendezi tena. Chaneli ya taifa zima ikawa haina mtaa, na asiye na mtaa hana jirani wa kumsalimia.

3. Ngeli ya A-WA (2003–2018)

Sasa tunafika penye utamu. Mwaka 2003 Viacom walitangaza kuwa TNN itakuwa chaneli ya kwanza ya wanaume na itaitwa Spike TV. Mtengenezaji filamu Spike Lee akaenda mahakamani New York, akiwa na wakili Johnnie Cochran, yule aliyemtetea O. J. Simpson.

Hoja ya Viacom ilikuwa kwamba spike ni neno la kamusi: mwiba, msumari, kitu kilichochongoka. Yaani ngeli ya U-I: mwiba umechoma, miiba imechoma. Hoja ya Lee ilikuwa kwamba mtazamaji akilisikia atadhani ni yeye. Yaani A-WA: Spike amekuja. Tuongeze kwamba jina lake kamili ni Shelton Jackson Lee. Spike ni la utani. Mwezi wa Juni jaji, bila kujua kwamba anasikiliza kesi ya upatanisho wa kisarufi, aliwapa A-WA ushindi wa muda na kulizuia jina. Julai pande mbili zikapatana, Agosti jina likaanza kutumika rasmi. Mwaka 2006 likadondoshwa lile neno TV, ikabaki Spike pekee, kama mtu aliyezoeleka hata hatajwi kwa ukoo.

Uingereza walilifanya jambo hilohilo bila mawakili. Oktoba 2007 chaneli ya UKTV G2 iligeuzwa kuwa Dave, kwa maelezo kwamba kila mtu anamjua mtu fulani aitwaye Dave. Jina la bwana wa kawaida halina mwenyewe wa kushtaki, kwa kuwa wenyewe ni wengi mno.

Vighairi

Kila sarufi ina vighairi. The Learning Channel, ambayo asili yake ni mradi wa elimu wa miaka ya 1970 ulioshirikisha NASA, ilijifupisha ikawa TLC, na neno la kujifunza likafichwa ndani ya herufi L, hadi masomo yenyewe nayo yakatoweka. Hii ni KI-VI: udogo. Sci Fi Channel nayo, mwaka 2009, ilijiita Syfy. Matamshi hayakubadilika, kilichobadilika ni tahajia, maana neno la kawaida huwezi kulisajili kama mali yako, lakini kosa la tahajia unaweza. Poland hawakulipokea jina hilo, kwa kuwa kwao syf ni uchafu.

4. Ngeli ya I-ZI (2018– )

Tarehe 18 Januari 2018 Spike akafariki, na mahali pake ikazaliwa Paramount Network, yenye jina la studio ya filamu ya ukoo huohuo wa Viacom. Hii ndiyo ngeli ya kampuni, benki, hisa na bima. Chochote kisichojulikana kiwekwe wapi hupokelewa humo. Mwaka 2020 walitangaza kwamba ingekuwa Paramount Movie Network, chaneli ya filamu. Haikuwa. Jina hilo la tano limebaki milele katika hali ya -nge-.

Matokeo

Miezi mitano baada ya ubatizo wa 2018, Paramount Network ilizindua tamthilia ya Yellowstone: Kevin Costner, ranchi ya Montana, farasi, ng'ombe, na kofia pana za kauboi. Ikawa fahari ya chaneli. Miaka 18 ya kuikimbia kofia ya Nashville iliishia chini ya kofia. Shina limethibitika.

Ila upatanisho haukukamilika. Haki za kuionyesha Yellowstone mtandaoni zilikuwa zimeuzwa kwa Peacock, huduma ya kundi la NBC, kwa hiyo haikuwamo Marekani katika huduma ya mtandaoni iliyobeba jina la Paramount. Ng'ombe wamerudi zizini. Maziwa hukamuliwa kwa jirani.

Zoezi

Andika sentensi ifuatayo katika ukubwa, kisha katika udogo, kisha iuze: "Kauboi amevaa kofia." Alama zote ni za kofia.