Nachungwa na Kibeti

Mimi nimechunga ng'ombe Dodoma kabla sijang'oka meno ya utoto. Mluzi niliujua kabla ya a-e-i-o-u. Leo uzeeni nimekuja Cardiff kumtembelea binti yangu, na mbwa wake ananichunga mimi.

Mbwa mwenyewe ukimwona utacheka. Kichwa cha mbweha, masikio ya popo, kiwiliwili cha mbwa mzima, halafu miguu ya kigoda, kama vile fundi aliishiwa mbao. Begani hapiti sentimita 30. Anaitwa corgi. Mjukuu wangu alinieleza, kwa sauti ile ya mwalimu wa zamu, kwamba ni Kiwelisi: cor ni kibeti, ci ni mbwa. Mbwa kibeti. Waliompa jina hawakujichosha.

Asubuhi ya kwanza naelekea jikoni kutafuta chai, nikasikia kitu kimenibana kisigino. Kugeuka, ananitazama kama karani wa mnadani anavyomtazama ng'ombe asiye na kibali. Nikapiga hatua, akanibana tena. Mara nikajikuta sebuleni, kwenye kiti kile kile cha jana, na chai sijaionja.

"Babu, hakuumi, anakuswaga tu," mjukuu akasema. "Kwao Pembrokeshire, huku huku Wales, waliwaswaga ng'ombe hivyo hivyo, kwa kuwadonoa visigino."

Hapo nikanyamaza, maana habari ya ng'ombe siipuuzi. Nilikumbuka mtamba wa baba alivyonipiga teke la paja, nikalala siku tatu nakandwa maji ya moto. Kumbe huyu kibeti teke linampita juu ya kichwa! Anadonoa, anajibanza chini, kwato inakata upepo, anadonoa tena. Ufupi nilioucheka ndiyo fimbo yake. Sisi warefu tuliambulia makovu.

Lakini kumheshimu si kumsamehe. Manyoya yake ni tabaka mbili, la juu la kukinga mvua, la chini la kukinga baridi, na yakianza kupukutika hayachagui mahali. Juzi nimechomoa unyoya kwenye ugali. Ugali wenyewe nimebeba unga wake kwenye begi kutoka nyumbani! Halafu kubweka: postamani akipita, utadhani tumevamiwa. Na ana ndugu yake, corgi wa Cardigan, mwenye mkia mrefu. Waingereza waliwahesabu kabila moja hadi mwaka 1934 ndipo wakawatenganisha. Namshukuru Mungu binti yangu alinunua mmoja.

Nikampelekea malalamiko. "Baba," akanijibu, "hawa ni mbwa wa Malkia Elizabeth. Alipewa wake, Susan, alipotimiza miaka 18, mwaka 1944, na maishani alifuga zaidi ya 30."

"Na yeye hawakumuuma?"

Akakohoa, akajishughulisha na sufuria. Mjukuu, ambaye hajui kuficha siri ya nyumba, ndiye aliyesema: mwaka 1991 Malkia aliamulia ugomvi wa mbwa wake, akaumwa mkono, akashonwa nyuzi tatu. Na hakuwafukuza! Sasa kama Malkia mwenye taji alivumilia, malalamiko ya mchungaji wa Dodoma yatasikilizwa na nani?

Haya nayaandikia sebuleni. Nilikusudia kukaa mezani jikoni, karibu na birika, lakini nimerudishwa mara mbili.