Jinsi ya Kuiruka Dragon Ball Z Bila Kuumbuka

Ulishasema uongo. Ilikuwa steji ya boda pale Litein, mvua ya saa nane imewabana nyote chini ya mabati, vijana wanabishana kama Vegeta angemweza Goku, nawe ukachomekea: "Hiyo mimi niliitazama yote, zamani." Wakakugeukia kwa heshima. Mmoja hata akakuachia nafasi kwenye benchi. Kesho watakuja na maswali.

Usihangaike, ndugu yangu. Katuni hii nimekaa nayo miaka mingi, naipenda, na nitakuonyesha njia ya mkato ambayo haitakuaibisha.

Kwanza pima deni lenyewe. Dragon Ball Z ina sehemu 291. Televisheni ya Fuji ya Japani ilianza kuionyesha Aprili 26, 1989 na kuimaliza Januari 31, 1996. Kila sehemu ni kama dakika 24 pamoja na nyimbo. Zidisha, utapata saa 116. Kwa mtu anayechuna majanichai saa nane kwa siku, hizo ni siku 14 na nusu. Ukizimaliza na kutoka nje, shamba limekupita: majani yamekomaa na karani wa kituo atakurudishia kikapu. Mwenye miche ya chai hana saa za namna hiyo. Deni hili hatulilipi.

HATUA YA KWANZA: Toa hatia moyoni

Akira Toriyama aliichora hadithi hii katika jarida la kila wiki, Weekly Shonen Jump, kuanzia 1984 hadi 1995, sura 519. Wakati huohuo kampuni ya Toei Animation ilikuwa ikitengeneza katuni ya televisheni, nayo kila wiki, nyuma yake kwa hatua chache tu. Televisheni hula hadithi upesi kuliko mkono wa mchoraji. Basi kila walipomkaribia Toriyama, walivuta. Mtu anakunja ngumi. Mawe yanapaa. Mwenzake anatokwa jasho. Wa tatu, aliye mbali kabisa, anashtuka. Sehemu imekwisha, tuonane wiki ijayo.

Unalijua jambo hilo tangu jikoni kwa mama: wageni wamezidi, maziwa hayatoshi, maji yanaongezwa sufuriani. Ukiyapita maji hayo hujamwibia Toriyama hata tone, kwa kuwa si yeye aliyeyatia. Toei wenyewe walikuja kuyamwaga. Mwaka 2009, Z ilipotimiza miaka 20, waliikata upya na kuiita Dragon Ball Kai. Mpaka mkondo wa Cell, wa tatu kati ya minne ya hadithi, unafungwa, Z imekula sehemu 194. Kai inafika hapo kwa 98. Ukiwa na likizo ya Desemba na flash nzuri, chukua Kai na usisome zaidi. Ukiwa na siku mbili, endelea nami.

HATUA YA PILI: Chuna majani mawili na chipukizi

Mashabiki huigawa Z katika mikondo, wao husema "saga". Kwa matumizi ya steji unahitaji minne, kila mmoja kwa jina la adui wake: Wasaiyan, Freeza, Cell na Buu. Kila mmoja una ncha yake laini, na ni hiyo tu unayotia kikapuni.

Wa kwanza, tazama sehemu tano za mwanzo bila kuruka kitu. Raditz anatua kutoka angani, anajitambulisha kuwa kaka yake Goku, anamteka Gohan, mtoto mdogo wa Goku, na kufikia sehemu ya tano Goku ameshakufa. Amemshikilia kaka yake kwa nyuma ili adui yake wa siku zote, Piccolo, awatoboe wote wawili kwa pigo moja. Mwandishi anayemuua shujaa wake mapema hivyo anastahili dakika zako. Kisha ruka hadi pale Msaiyan mwingine, Nappa, anapomlenga Gohan. Piccolo, aliyekuwa ameapa kumuua Goku, anakufa akiwa amemkinga mtoto wa Goku. Hapo hatuna mjadala, tazama.

Kwa Freeza kimbia. Kamata sehemu ya 95, Krillin, rafiki wa Goku, anapouawa na nywele za Goku zinageuka dhahabu. Baada ya hapo Freeza anatangaza kwamba sayari ya Namek itapasuka baada ya dakika tano, na dakika tano hizo zinachukua karibu sehemu kumi. Usizitazame, ila zilalamikie. Wakitaja Namek, tikisa kichwa useme, "Zile dakika tano, jamani!" Kila aliyeteseka nazo ataamini mliteseka pamoja. Kwenye steji, mlalamikaji huaminika kuliko msifu.

Sasa yale ya kuruka bila kugeuka nyuma: sehemu ya 108 hadi 117, za Garlic Jr., na ya 195 hadi 199, mashindano ya ahera. Zote ni za televisheni, Toriyama hakuziandika kwenye jarida. Ila moja ya namna hiyo nakusihi usiiruke. Sehemu ya 125, Goku na Piccolo wanakwenda kujifunza kuendesha gari, watu wanaoruka angani wakihangaika na usukani. Nayo haimo kwenye jarida, lakini ndiyo sehemu ambayo mtu wa boda akiiona haisahau. Itaje mapema, kabla hawajakuuliza neno.

HATUA YA TATU: Goku amechelewa

Hapa nitakaa, kwa sababu huu ndio ufunguo wa nyumba nzima. Ukisahau mengine yote, shika jibu hili moja: Goku alichelewa.

Wasaiyan walipokuwa njiani kuja duniani, Goku alikuwa maiti. Huko ahera alikuwa amekimbia Njia ya Nyoka, kilomita milioni moja, akafunzwa na mwalimu Kaio, na alipofufuliwa ikabidi aikimbie tena kurudi. Wakati huo wenzake walikuwa wakipigana: Yamcha alikufa, Chiaotzu akafa, Tien akafa, Piccolo akafa. Kwenda Namek alisafiri siku sita ndani ya chombo chenye mvutano mara 100 ya ule wa dunia, akafika wenzake wameshapondwa, naye punde akaumizwa na kuwekwa kwenye tangi la tiba huku Freeza akiwachezea waliobaki. Zilipokuja roboti za Daktari Gero, alishikwa na ugonjwa wa moyo katikati ya pigano na kurudishwa nyumbani kulala. Alipotokea Buu, Goku alikuwa maiti tena, na ruhusa yake ya kuwa duniani ilikuwa siku moja tu.

Mara nne, na kila mara kuna sababu. Toriyama alijua kwamba mwenye nguvu kuliko wote akiwepo tangu asubuhi, hadithi imekwisha kabla ya chai ya saa nne. Humweka mbali ili wadogo wapate nafasi ya kuogopa, kusimama na kuumia.

Wewe mkulima hadithi hii unaijua mwilini. Umefikisha majani kituoni, karani ameyapima, lori la kiwanda halijaja. Majani yanaanza kupata joto ndani ya magunia. Mmoja anasema limekwama matopeni, mwingine anasema ameliona likipakia kituo cha juu. Kila injini inayonguruma kule konani, vichwa vinainuka. Ukiyajua mangojeo hayo umeshaijua Dragon Ball Z, na unaweza kuizungumza kwa moyo mweupe. Wakikuuliza kwa nini Tien alikufa, jibu lipo. Wakikuuliza kwa nini Vegeta alivunjwa mkono na mwanamke, yaani namba 18 wa Daktari Gero, jibu ni lilelile.

Ukitaka wakuite mwalimu, ongeza hili. Katika michezo ya Cell, Goku hakuchelewa. Alifika siku iliyopangwa, akapigana vizuri, halafu mbele ya wote akasema nimeshindwa, na akamwita Gohan, mwanawe, aingie ulingoni. Lori limefika kwa wakati, kisha dereva ameshuka na kumpa mtoto funguo. Mkondo wa Cell umenipendeza kuliko mingine yote kwa sababu hiyo. Sehemu ya 185 Gohan anapasuka kwa hasira, na ya 188 Goku anaondoka na Cell aliyevimba kama bomu, akafe naye mbali na dunia. Hizo sehemu nne, 185 hadi 188, itakuwa dhambi kuziruka.

HATUA YA NNE: Tega wewe kabla hujategwa

Kijana mmoja atapaza sauti kwamba Vegeta alipopima nguvu za Goku alisema zimezidi 9000. Mwache amalize, kisha mwambie polepole kwamba alichoandika Toriyama ni 8000, 9000 imetoka kwa tafsiri ya Kiingereza. Jibu hilo moja litakulinda mwezi mzima.

Na karata yako kubwa imekuwa ikiota nyuma ya nyumba yako muda wote huu. Waulize ni wahusika wangapi wa Dragon Ball wamepewa majina ya chai. Watanyamaza. Hesabu kwa vidole: Oolong, yule nguruwe anayejigeuza, ni chai ya Kichina ambayo huachwa ichachuke nusu tu. Puar, anayeruka bega kwa bega na Yamcha, ni chai ya Pu'er ya Yunnan, ile inayozeeshwa. Na Yamcha mwenyewe, jina lake limetoka kwa Wachina wa Kantoni, maana yake ni kunywa chai. Toriyama aliwapa majina hayo miaka ya themanini, na sisi tunaoamka saa kumi na moja kuchuna jani hilohilo hatujawahi kuyadai. Hakuna aliyeitwa kwa chai nyeusi ya kusagwa, ile ya viwanda vyetu vya Kapkoros na Tirgaga. Wala kwa chai ya zambarau, ambayo watafiti wa hapa Kericho waliitoa mwaka 2011, Toriyama akiwa ameshafunga hadithi yake. Alifariki Machi 1, 2024, akiwa na miaka 68. Angalau watatu alituachia.

HATUA YA TANO: Ukibanwa, uliza

"Wewe hapo ulionaje?" Basi. Kijana hupenda kueleza kuliko kusikiliza. Atakupa mkondo mzima bure, nawe utaukumbuka kesho kama wako.

HATUA YA SITA: Moja utazame peke yako

Sehemu ya 237. Vegeta, mtu wa majivuno aliyekuja duniani kuua, anamkumbatia mwanawe Trunks kwa mara ya kwanza katika maisha yao, halafu anampiga shingoni azimie ili asimfuate. Anamuuliza Piccolo kama atakutana na Goku huko ahera. Piccolo anamwambia ukweli: hapana, kwa uliyoyatenda utapelekwa kwingine. Vegeta anasema sawa na kwenda kujilipua pamoja na Buu. Funga mlango, zima simu, acha mvua ipige mabati. Usiitazame mbele ya wale vijana. Nakuambia kwa kuwa najua itakavyokufanya.

HATUA YA SABA: Mjue mzee wa kazi yetu

Anaitwa Mr. Satan. Jina lisikutishe, Toriyama alipenda kuchezea herufi: binti wa Mr. Satan anaitwa Videl, nawe zipange upya herufi hizo uone zinatoa neno gani la Kiingereza.

Mr. Satan ni bingwa wa mashindano ya dunia, na mbele ya Cell hakuwa kitu. Kofi moja lilimtupa nje ya ulingo hadi mlimani. Gohan alipommaliza Cell na mashujaa wakaondoka bila kuaga, Mr. Satan akageukia kamera na kusema ni yeye aliyemuua. Dunia ikamwamini miaka saba. Wakajenga sanamu zake. Ni uongo wako wa pale steji, mkubwa zaidi kidogo.

Lakini fuata mkondo wa Buu mpaka mwisho. Buu anakuja, wenye nguvu wanashindwa, na Mr. Satan anakwenda nyumbani kwa Buu kumpikia, kumwogesha, kucheza na mtoto wa mbwa pamoja naye, mpaka Buu anaahidi kutoua tena. Ahadi hiyo iliharibiwa na watu wenye bunduki. Na katika pigano la mwisho, Goku anapohitaji kila mtu duniani ainue mikono na kutoa nguvu zake, watu wanakataa. Sauti ya Vegeta hawaijui, ya Goku hawaijui. Mr. Satan anapiga kelele, wanaitambua sauti ya bingwa wao, na mikono inainuka dunia nzima. Pigo lililommaliza Buu lilijazwa na watu walioamini uongo wa mtu mmoja muoga ambaye siku hiyo hakukimbia.

Sehemu za pigano hilo la mwisho, kuanzia ya 280 kwenda mbele, usiziruke hata kidogo. Na kesho pale Litein wakikuuliza shujaa wa mkondo wa Buu ni nani, usitaje Goku, usitaje Vegeta. Sema Mr. Satan, kisha waachie wabishane mpaka mvua ikatike. Mimi nimeutazama mkondo huo mara tatu na jibu langu halijabadilika.