Riziki ya Paka wa Nariokotome

Miongoni mwa mambo ambayo mtu aliyezaliwa Lamu hudhani kwamba ameyajua tangu tumboni mwa mama yake, na kwa hivyo hana haja ya kumwuliza mtu, ni namna ya kumlisha paka. Kule kwetu paka hatengewi fungu katika matumizi ya nyumba, kwani mashua huja, samaki huparwa magamba papo hapo ufuoni, matumbo hutupwa, na paka, ambaye tangu alfajiri amekaa kama karani wa forodha anayengoja mzigo ushushwe, hujitwalia ushuru wake pasina kumshukuru mtu. Hivyo nilipopelekwa kusomesha Nariokotome, katika ufuo wa magharibi wa Ziwa Turkana, zaidi ya kilometa 100 kaskazini ya Lodwar, sikudhani hata kidogo kwamba litakaloniondolea usingizi halitakuwa joto, wala nge, wala ule upepo unaovuma usiku kucha na kuezua alichoezeka mtu mchana, bali chakula cha paka watatu ambao sikuwaomba kwa mtu yeyote.

Wa kwanza, Mwana Kupona, alitolewa na watoto katika shimo lililochimbwa kwenye laga, yaani mto mkavu, kutafutwa maji, akiwa mifupa mitupu na sauti. Wa pili alitoka kambi ya Kakuma ndani ya katoni: wenyewe walikuwa wakimbizi waliopata safari ya kwenda kukaa Marekani baada ya kungoja kwa miaka, na katika karatasi zote walizojaza hapakuwa na nafasi ya kumwandika paka. Alikuwa amekwisha kuitwa Bamba, kwa jina la ule utaratibu wa Bamba Chakula ulioanzishwa kambini mwaka 2015, uliompa mtu sehemu ya posho yake ya chakula kwa njia ya simu. Nami baada ya kukaa naye kidogo, na kukagua kabati langu, niliona jina halina haja ya kubadilishwa. Wa tatu ni shume mmoja aliyechanika sikio, asiye na jina, wala makazi, wala haya, lakini aijuaye saa ya kula kuliko mpiga kengele wa shule.

Kila niliyemtaka shauri alinijibu neno moja: ugali. Mlinzi alisema ugali na mchuzi, fundi wa mota ya maji akasema ugali na maziwa, na dereva mmoja, ambaye kwa safari zake huhesabiwa kuwa mtu wa maarifa, akasema ugali mkavu, kwa sababu paka akishiba hukosa adabu. Sasa, Turkana ni nchi ambayo ukame umeilazimisha kuzoeana na mahindi ya msaada kwa muda mrefu, na sijaona kiumbe huku, akiwemo mwandishi wa maneno haya, asiyeyala yakiwepo. Walakini paka wangu waliukataa msaada hadharani. Walikaa juu ya sahani kwa utulivu, wakaramba mchuzi kutoka kila tonge pande zote nne, kisha wakaniachia ugali mweupe, mkavu, safi kuliko ulivyotoka sufuriani.

Haikuwa kiburi, ingawa nyuso zao zilishuhudia hivyo. Paka ameumbwa mla nyama, na mwili wake unahitaji dutu iitwayo taurini, ambayo mbwa aghalabu huweza kujitengenezea mwenyewe lakini paka hawezi kwa kiasi cha kumtosha, nayo haimo katika mahindi wala katika maharagwe. Akiikosa kwa muda mrefu macho hupofuka na moyo hulegea. Hilo la moyo lilithibitishwa mwaka 1987 tu, na wagonjwa waliolifichua hawakuwa paka wa maskini, bali paka wa Marekani waliolishwa vyakula vya viwandani kwa bei nzuri. Nilipolisoma jambo hili nilifarijika sana, maana mkebe mmoja wa chakula cha paka, hata uwe umefika salama kutoka Nairobi, huzidi kile nilichojiwekea kuwa kitoweo changu cha siku.

Basi nikakusudia matumbo. Hapa ndipo elimu ya pwani iliponiaibisha, kwa kuwa nilimwendea jirani yangu, mama mtu mzima mwenye shanga zilizopangwa shingoni hadi kidevuni, siku iliyochinjwa mbuzi kwake, nikamwomba kwa staha zote anigawie zile sehemu zitakazotupwa.

"Zitakazotupwa zipi, Mwalimu?" akauliza.

Nikamtajia utumbo. Akaniambia utumbo ndio unaoliwa kwanza. Nikataja mapafu, kichwa, kwato, na kila nilichotaja kilikuwa na mwenyewe aliyejulikana kwa umri na cheo, hata ngozi. Na damu, ambayo nilitumaini imemwagika, ilikuwa tayari kwenye chombo. Katika uwanja ule kitu pekee kilichobaki bila ya mmiliki kilikuwa ni mimi. Mama yule alicheka mpaka akakaa chini, akawaita mabinti zake nao wacheke, kisha akanionea huruma, akanielekeza ziwani.

Samaki ndiye rafiki wa mwenye kipato kidogo katika nchi hii, kwani wafugaji wa zamani walimhesabu mvuvi kuwa mtu aliyefilisika mifugo, na ijapokuwa siku hizi wengi huvua na wengi hula, bado kuna wazee wanaomtazama mbuta wa kilo 20 kwa macho ya mtu aliyeonyeshwa deni. Kichwa cha mbuta kina nyama nyingi mashavuni na nyuma ya macho, na hununuliwa kwa sarafu. Shida ni kumhifadhi. Wanorwei walijenga kiwanda cha kugandisha samaki huko Kalokol mwanzoni mwa miaka ya 1980, kikashindwa, maana kumtia baridi samaki katika joto lile kuligharimu kuliko samaki mwenyewe. Na kama dola lenye mafuta limeshindwa, sioni aibu kwa mwalimu asiye na jokofu. Jua, ambalo halitumi bili, ndilo lililobaki na kazi hiyo, nalo huwakausha samaki waliopasuliwa hadi wakawa wagumu kama mbao, wakapakiwa malori kwenda Kitale na Kisumu, na wengine hufika hata Kongo. Kwa hivyo bei ya ng'onda hapa hupanda kwa sababu mtu wa Kongo ana njaa, na paka wangu watatu, pasina kujua, hushindana naye sokoni.

Bamba alijaribu kuufupisha ushindani huo kwa kupanda mwenyewe juu ya lori. Liliondoka naye alfajiri, amelala juu ya marobota ya samaki katika hali ya neema ambayo waja wachache huionja wakiwa hai, na nusura ahamishiwe Kongo bila ya mahojiano wala uchunguzi wa afya, yeye ambaye wenyewe walisubiri foleni miaka. Utingo alimgundua walipofika Kataboi, akamrudisha kwa gari lililokuwa likija, ndani ya gunia, pamoja na hesabu ya vilivyoliwa, ambayo niliilipa kimya kimya.

Tangu hapo mapishi yangu yakapata taratibu. Ng'onda hulowekwa usiku kucha, maji yakamwagwa, ili chumvi itoke kama ametiwa. Samaki mbichi huchemshwa, kwa sababu baadhi yao wakiwa wabichi wana kitu kinachoharibu vitamini B1 mwilini mwa paka, na moto hukiondoa. Kitunguu hakitiwi kabisa, maana ni sumu kwake. Na kila nikipata kipande cha ini hukitia, lakini kidogo, kwani ini likizidi nalo hudhuru. Paka wa kilo 4 hutosheka na robo kilo ya samaki kwa siku, au pungufu kidogo. Shume hutosheka akisikia sufuria tupu.

Kazi kubwa ni miiba. Mfupa uliopikwa huvunjika kwa ncha kali, kwa hivyo mimi huketi nje jioni, nimeinama juu ya sinia, nikiutoa mmoja mmoja na kuupanga pembeni. Msomaji na akumbuke kwamba mahali hapa pamepata sifa duniani kwa mifupa: ni hapa, mwaka 1984, Kamoya Kimeu alipookota kipande cha fuvu chenye rangi ya mawe yaliyokizunguka, na kazi ya kuchimba iliyofuata ikamtoa yule kijana aliyeishi yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita, ambaye mifupa yake imehifadhiwa Nairobi. Toka hapo mtu anayeinama akipanga vifupa kwa utaratibu hadhaniwi kuwa mpishi. Watoto walikuja kunizunguka, wakanyamaza kwa heshima, kisha mkubwa wao akaniuliza kwa sauti ya chini jumba la makumbusho linalipa kiasi gani, na kesho yake nilikuta mlangoni mifupa ya mbuzi, ya ngamia, na taya la kitu nisichokijua, vyote vimepangwa vizuri na kungoja bei.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini nisiwaache wajitafutie. Hata katika ile hadithi mashuhuri ya Mtume kuhusu mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka, kosa lake lilikuwa ni kumfungia, asimlishe wala asimwache ale wadudu wa ardhini. Kwa maana hiyo sheria yenyewe imempa mlezi mlango wa pili, na wadudu wa ardhini Turkana hawana upungufu. Mwana Kupona aliutumia mlango huo kwa bidii. Usiku mmoja alimwua nge mweusi, akamkata mkia, na kwa kuwa amelelewa vyema hakumla peke yake, bali alimleta kitandani na kumweka juu ya kifua changu, tukatazamana. Toka siku hiyo jirani yangu wa shanga huwaita paka wale askari, na hushangaa serikali ya nyumba yangu kuwalipa kwa samaki tu.

Yamkini ni yeye aliyeeneza habari, maana alasiri moja alinijia shaibu wa ukoo wake, fimbo mkononi, akakaa juu ya kigoda chake, ekicholong, mbele ya jiko langu, akatazama sufuria kwa muda.

"Mwalimu, una mbuzi wangapi?"

"Sina, Mzee."

"Ngamia?"

"Sina."

"Basi ndiyo sababu unakula samaki."

"Hawa si wangu, Mzee. Ni wa paka."

Akafikiri. "Na wewe unakula nini?"

"Maharagwe."

Hakusema kitu tena. Asubuhi yake kijana alileta moyo wa mbuzi, mapafu, na utumbo uliooshwa, salamu za mzee kwa mwalimu aliyepungukiwa. Kukataa kungekuwa tusi. Na moyo, kama ilivyo bahati, ni katika sehemu zenye taurini nyingi kuliko zote. Nilikula sehemu ya adabu, salio likaingia katika sufuria inayojulikana, na zawadi ile ilipokaririwa mara kwa mara, manyoya ya Bamba yaling'aa, Mwana Kupona akapata shingo, na shume akaanza kutembea kwa fakhari.

Mwisho mzee akaja kuitazama sadaka yake inafanya kazi gani. Alinizunguka taratibu kama anayenunua dume mnadani, akanibonyeza mkono, akaguna. Kisha akawatazama paka, mmoja mmoja, waliokuwa wamejinyosha kivulini wakiwa wameshindwa hata kumwondokea mgeni.

"Nyama yangu naiona," alisema. "Siku nyingine nitamkabidhi huyu mama wa shimoni mwenyewe. Nawe, Mwalimu, akikubakishia, utakula."