Kiputo Kimoja cha Hewa

"Baba watoto, maji!"

Mama mkwe alikuwa bafuni anaoga, siku yake ya kwanza kwetu tangu apande basi kutoka Kyela. Maji yalipita chini ya mlango wa bafu, yakakata korido, yakaingia chumba cha wageni alikoweka mizigo yake. Nilipofika, kitako cha gunia la mchele aliotuletea kilikuwa kimeshalowa, na sanduku la vitenge lilikuwa limezungukwa. Bafu lile nilikuwa nimelitandika marumaru kwa mikono yangu siku mbili kabla, na nilitaka yeye awe wa kwanza kuoga humo.

Miezi minne nyuma nilikuwa mhasibu. Miaka kumi na moja nilikaa mbele ya kompyuta mjini, hadi nikaona kwamba kazi ninayoitamani ni ile niliyoitazama nyumba yetu ilipojengwa: mtu kupiga magoti kwenye saruji tupu na kuacha sakafu nyuma yake. Mke wangu alikubali kwa sharti moja, ada ya watoto isiguswe. Nikawa saidia fundi, kwa posho ya siku, chini ya kijana aliyenipita ujuzi nami nikampita umri. Naye alianzia hapo hapo, kwenye kubeba ndoo. Baadaye VETA wakampima kwa utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini, akapata cheti. Ananiita kaka, namwita fundi. Nilichanganya saruji na mchanga, nililoweka vigae, nilifuta grauti kwa sponji kabla haijakauka. Mwezi wa nne akaniachia pembe za jikoni. Nikajiona nimeiva.

Alfajiri baada ya maji yale kufurika nilimpigia fundi simu. Akaja, akamwamkia mama shikamoo, akaomba ndoo ya maji na kuimwaga bafuni. Tukayatazama maji yakiliacha tundu na kuja mlangoni.

"Ulipima na nini, kaka?"

Nikaleta mpira wangu mweupe wa kupimia. Ukiujaza maji, ncha moja ukaishika mlangoni na nyingine kwenye kona ya tundu, maji husimama usawa ule ule pande zote mbili. Hapo unaweka alama, kisha unashusha sakafu sentimita moja hadi mbili kwa kila mita kuelekea kwenye tundu. Fundi akaniambia niujaze kama nilivyoujaza siku ile. Nikaujaza. Akauinua dirishani, akapitisha kidole taratibu. Karibu na ncha kulikuwa na kiputo cha hewa, kirefu kama kidole gumba. Akaupigapiga mpira kwa ukucha hadi kikapanda na kutoka. Kule mwishoni maji yakashuka mbele ya macho yangu.

"Hiki ndicho kimekudanganya. Bomoa."

Ofisini nilikosea pia, lakini kosa la mhasibu hulala kwenye faili hadi mkaguzi alifumue, na mara nyingi mwenye kuumia humjui hata sura. Hili lilimfika mama aliyenizalia mke. Siku tatu alivuka uwanja na kanga yake begani kwenda kuoga kwa jirani, nami nikisikia patasi yangu ikivunja vigae vizima. Iliniuma kuliko lawama yoyote niliyowahi kupewa kazini.

Siku ya pili nilimkuta uani, ameanika mchele kwenye mkeka, anaugeuza kwa kiganja.

"Mama, nisamehe."

"Mwanangu, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Umeshainama. Usiinuke kabla hujakipata."

Safari hii niliujaza mpira polepole, nikaukagua kipande kwa kipande, nikapima mara tatu. Kabla ya grauti nikamwaga ndoo nzima. Maji yalitawanyika, yakasita, kisha yakageuka yote kuelekea kwenye tundu, utando wa mwisho ukavutwa na kuzama.

Grauti ilipokauka, mama akaingia kuoga. Nilisimama koridoni nikisikiliza kata ikigonga ndoo. Alipotoka, akanipita bila neno, akaacha nyayo mbili za maji. Nikapiga magoti, nikapapasa kizingiti kwa kiganja, kutoka pembe hadi pembe.

Kikavu.